Alikozaliwa Kashaija

Placidius alimwambia mkewe habari ya mke wa pili siku ya Jumamosi, huku akipaka rangi viatu vyake vya kwendea kanisani. Hakusema kwa ukali wala kwa aibu. Alisema kama mtu anayetaja kwamba chumvi imekwisha dukani.

“Mama Kemirembe, kahawa ikishavunwa nitapeleka pombe Kibingo. Namwoa Auleria.”

Xaveria, mkewe, alikuwa anayajua hayo. Majirani walikuwa wamekwisha kumnong'oneza, na mume mwenyewe, kila alipotoka kununua kahawa huko Kibingo, alirudi na uso wa mtu aliyeshiba. Hata hivyo, maneno yalipotamkwa yalimwuma kama mapya. Akaketi, akauliza swali ambalo wake wengi huliuliza na hakuna aliyewahi kufaidika na jibu lake.

“Ana nini ambacho mimi sina?”

Placidius aliacha kusugua kiatu akafikiri kweli, na kule kufikiri ndiko kulikomuudhi Xaveria kuliko yote.

“Sijui nikuambieje,” alisema. “Nikizungumza naye naona kama nimemjua tangu utoto.”

“Na padri je?”

“Padri ataninyima Komunyo. Nitavumilia. Wala usiogope, simleti hapa. Mwenyewe hataki kutoka Kibingo. Nitamjengea hukohuko, nawe utabaki hapa Kanoni na watoto wako na nyumba yako.”

Alidhani amemfariji. Wanaume wengine Mungu amewapa akili za biashara akasahau zile nyingine.

Mwaka huo ulikuwa 1938. Wote wawili walikuwa Wahaya wa Ihangiro, upande wa Muleba. Walikuja Karagwe wakiwa maharusi, wakanunua kibanja Kanoni, yaani shamba la migomba na mibuni lenye nyumba katikati, wakafungua duka la nguo, chumvi na mafuta ya taa. Duka lilikua, watoto wakazaliwa, nyumba ikaezekwa bati. Xaveria hakuwa mtu mbaya. Mgonjwa hakulala njaa karibu na nyumba yake, na jirani aliyeomba moto alipewa na chumvi juu. Lakini kwa habari ya Placidius alikuwa na wivu wa kupindukia. Aliwahi kumwonea wivu mbuzi, kwa sababu mumewe alimwita mbuzi yule kwa sauti ya upole ambayo yeye mwenyewe hakuwa ameisikia tangu mtoto wa pili azaliwe.

Baada ya Jumamosi ile alikata shauri kwenda kumwona huyo mwanamke kwa macho yake. Alisema anakwenda kutafuta vikapu vya kuuza dukani. Akapanda lori la kahawa mpaka njia ilipoishia, kisha akatembea, na njia nzima alikuwa akimwumba Auleria kichwani: kijana, mweupe, kiuno chembamba, macho ya kurembua.

Alimkuta mwanamke wa makamo, mweusi, mwenye mikono mikubwa ya kulima. Auleria alikuwa amerudi kutoka kwa mume ng'ambo ya mto Kagera, baada ya mume huyo kumfukuza. Baba yake alikuwa amekufa na kaka hakuwa naye. Baba yake mkubwa, mzee Rwegoshora, alikuwa amemkatia kipande kidogo cha migomba pembeni mwa kibanja chake, na hapo ndipo alipopika rubisi, ile pombe ya ndizi, iliyowafanya wanunuzi wa kahawa wachelewe kuondoka.

Basi Xaveria akaumia maradufu. Auleria angekuwa mzuri, yeye angepata pa kushika. Angesema mume wangu amepofushwa na uzuri, na uzuri hupita. Huyu hakuwa na uzuri wa kupita.

“Karibu, mama,” Auleria alisema. “Wewe ndiye Mama Kemirembe.”

“Ndiye. Nimekuja kutazama vikapu.”

“Vitazame. Bwana Placidius alisema una jicho la kuchagua.”

Akacheka, na alipocheka aliinamisha kichwa upande wa kushoto. Xaveria akahisi sindano imempita moyoni. Placidius naye hucheka hivyohivyo. Wamekwisha kuambukizana, aliwaza. Wamecheka pamoja mpaka vicheko vimefanana.

Walipokuwa bado wanatazama vikapu, mwindaji mmoja alipita na nyama ya pongo begani, akataka kumpa Auleria paja ili apewe pombe. Auleria alirudi nyuma kana kwamba ameonyeshwa nyoka.

“Peleka mbali,” alisema. “Unajua kwetu hatuli pongo. Ni muziro wetu.”

Muziro ni mwiko wa ukoo. Katika nchi ile kila ukoo una kitu chake ambacho mtu wake hali wala hakigusi, tangu kuzaliwa mpaka kufa, na hata maji ya ubatizo hayajaweza kuiondoa tabia hiyo. Xaveria alilijua hilo tangu utoto. Kilichomfanya adondoshe kikapu ni kitu kingine: Placidius naye hakuwa anakula pongo.

Alirudi Kanoni nyongo imempanda, na wivu haukumpa nafasi ya kukumbuka tangu lini. Kumbe mambo yamefika huko. Mwanamume amependa mpaka amechukua na mwiko wa mwanamke. Kesho yake alitafuta nyama ya pongo kwa majirani, akaipika na ndizi, akaiunga kwa samli, akaiweka mbele ya mumewe, akakaa kumtazama.

Placidius alinusa akaisukuma sahani.

“Unajua hii sili.”

“Tangu lini huili?” Xaveria aliuliza. “Tangu uanze kwenda Kibingo?”

Placidius alimtazama kama anayemtazama mgonjwa wa homa. “Tangu nizaliwe. Baba yangu alikuwa hali. Babu alikuwa hali. Siku ya harusi yetu, wewe mwenyewe ulimwona baba akiondoka mezani.”

Ilikuwa kweli. Xaveria alikumbuka mkwewe akitoka nje kwa sababu ya harufu. Alikumbuka pia kwamba ukoo wa akina Placidius huko Ihangiro muziro wao haukuwa pongo hata kidogo. Wao walikuwa hawali moyo wa mnyama yeyote, na Placidius moyo pia hakuula.

“Kwa nini nyinyi mna miziro miwili?” alimwuliza.

“Sijui. Babu alituambia tusile, hatukula. Sasa naweza kupata kitu kingine cha kula katika nyumba hii?”

Swali lile hakuliacha. Alilipeleka kwa jirani yake Deodatha, bibi wa Kinyambo aliyezijua koo zote za Karagwe na aibu zao. Deodatha alikuwa anamenya ndizi, wala hakuinua macho.

“Mtu mwenye miziro miwili kazaliwa na watu hawa, kalelewa na watu wale,” alisema. “Yule babu wa mumeo aliokotwa. Waliomlea wakampa muziro wao, na wake akaja nao.”

“Na kama alizaliwa kwenye ukoo wa huyo Auleria?”

Sasa Deodatha aliinua macho, na kisu kikasimama. “Basi mumeo na Auleria ni kaka na dada. Hakuna mzee atakayekunywa pombe ya ndoa hiyo. Afadhali waimwage njiani.” Akaendelea kumenya. “Lakini usikimbilie. Wasiokula pongo ni wengi, toka Ihangiro mpaka Ankole. Muziro peke yake hautoshi. Lazima ujue alizaliwa mji gani, baba nani, mama nani.”

Xaveria alirudi nyumbani mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile alipika huku akiimba, na Placidius, masikini, alidhani mkewe amekubali.

Hakuwa amekubali. Alikuwa amepata kazi. Babu wa Placidius aliitwa Kashaija, na Xaveria alimkuta hai siku zake za mwisho, kipofu, akikaa juani mbele ya nyumba huko Ihangiro. Alimkumbuka akimpapasa uso binti yao wa kwanza, kisha akisema kwa sauti ya kuamuru kwamba mtoto aitwe Kemirembe. Hakutoa sababu. Kuhusu alikotoka mzee hakusema lolote kwa mtu yeyote. Palikuwa na mtu mmoja tu ambaye mzee kama huyo angelazimika kumwambia, na huyo alikuwa padri wa siku ya ubatizo.

Akamuaga Placidius, akisema anakwenda kumsalimia mama yake. Lori likampeleka mpaka kivuko cha Kyaka, jingine likamchukua hadi Bukoba, kutoka huko akashuka Ihangiro. Mama yake alimsalimia kweli, maana Xaveria hakupenda kusema uongo mzima. Kesho yake alikwenda misheni.

Padri alikuwa Mhaya mwenzake, kijana mwenye miwani, mwenye haraka ya mtu anayengojwa na watu wengi. Alimwuliza anataka kitabu cha ubatizo kwa ajili ya nini.

“Nataka kujua undugu, Padri. Ni habari ya ndoa.”

“Ya binti yako?”

“Ni habari ya ndoa, Padri,” Xaveria alirudia, akainamisha macho kwa heshima, na padri akaridhika.

“Alibatizwa mwaka gani huyo mzee?”

“Watu wanasema mwaka wa nyota yenye mkia.”

“Basi ni 1910,” padri alisema, akashusha kitabu kikubwa chenye jalada jeusi.

Kiliandikwa kwa Kilatini, na wino ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Xaveria, aliyekuwa amesoma kwa masista mpaka akajua kuandika barua vizuri, hakuambulia hata neno. Aliufuata tu ukucha wa padri ukishuka ukurasa baada ya ukurasa: watoto, wanawake, watumwa walioachwa huru, wazee waliobatizwa kitandani. Akawa anaomba. Na haya tuyaseme wazi, hakuwa anaomba Mungu amwokoe mumewe na dhambi. Alikuwa anaomba amwone Auleria siku ile atakapoambiwa.

Ukucha ulisimama.

“Yosefu Kashaija,” padri alisoma polepole, akitafsiri. “Mtu mzima, mjane. Mtoto wa Ndyamukama na Kemirembe, ambao hawakuwa Wakristo na wamekufa. Mzaliwa wa Kibingo, nchi ya Karagwe.”

Xaveria alishika ukingo wa meza. Kibingo alikitarajia, lakini lile jina la pili lilimwingia ubavuni. Binti yake, aliyemzaa yeye kwa uchungu wa usiku na mchana, alikuwa anaitwa kwa jina la bibi wa huko. Hata mtoto wake walikuwa wamekwisha kumtia mkono kabla yeye hajajua kama wapo.

“Kwa nini nyumbani hakusema?” aliuliza.

“Wazee wengi walifanya hivyo. Alirithi shamba kama mtoto wa yule aliyemlea. Angesema alikotoka, wenye ukoo wangemnyang'anya. Lakini siku ya ubatizo aliogopa kudanganya.” Padri alimwandikia maneno yale kwa Kiswahili kwenye kipande cha karatasi, akatia sahihi. “Umefanya vizuri kuuliza mapema, mama. Wengine huja wakati harusi imekwisha kuliwa.”

Kahawa ilivunwa, ikakauka, ikauzwa. Siku ya kupeleka pombe ilipofika, Placidius alivaa koti, akaondoka na wazee wawili wa Kanoni na wachukuzi wa mitungi. Xaveria alikuwa ametangulia kwa njia yake. Walipofika nyumbani kwa mzee Rwegoshora walimkuta amekaa kwenye nyasi pamoja na wanawake, mikono mapajani, amejitanda kanga mpya. Placidius alibadilika rangi, lakini hakuna mtu anayemfukuza mkewe mbele ya wakwe.

Mzee Rwegoshora alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini. Alimkaribisha mposaji, kisha, kama ilivyo desturi, akamtaka ataje baba zake ili ukoo ujulikane kabla mrija haujatiwa kwenye pombe. Placidius alisimama akataja: baba yake, babu yake Kashaija, na juu ya Kashaija wanaume wa Ihangiro mmoja baada ya mwingine. Majina aliyataja vizuri, bila kujikwaa, na kila alilotaja juu ya Kashaija halikuwa lake.

Xaveria alipiga magoti.

“Shikamoo, baba. Naomba ruhusa niseme neno.”

“Marahaba. Sema, mwanangu.”

“Mume wangu amewataja waliomlea babu yake. Hakuwataja waliomzaa, maana hawajui.” Akafungua karatasi, akasoma kwa sauti. Kashaija. Mtoto wa Ndyamukama na Kemirembe. Mzaliwa wa Kibingo.

Mzee Rwegoshora aliinama mbele. Kisha akasema, “Rudia jina la mama.”

“Kemirembe, baba.”

“Na huyu bwana anakula nyama gani?”

“Pongo hali. Wala baba yake hakula, wala babu yake.”

Mzee alijifuta uso kwa kiganja. Akaeleza, akiwaambia zaidi wanawe kuliko wageni, kwamba baba yake yeye Rwegoshora alikuwa na mdogo wake aitwaye Kashaija. Wakati wa njaa kubwa mtoto huyo aliwafuata wachuuzi wa chumvi akitafuta chakula, asirudi tena. Bibi yao Kemirembe alikufa akisema mtoto wake yuko hai mahali fulani, na watu wakidhani ni uzee unaosema.

Kisha akageuka, sauti ikawa ngumu. “Auleria. Umelala na mtu huyu?”

Jambo kama hilo kati ya kaka na dada lisingefutwa kwa maneno.

“Hapana, baba,” Auleria alijibu. “Nilimwambia hakuna kitu mpaka pombe inywewe.”

“Placidius?”

“Ni kweli,” Placidius alisema. Alikuwa amekaa chini bila kukaribishwa.

Hapo ndipo Xaveria alipoinua macho. Ilikuwa ndiyo saa yake. Kwa saa hiyo alikuwa amesafiri mpaka Ihangiro na kurudi, amekula vumbi la malori, amemfunga padri kitambaa cha macho. Alitaka kumwona Auleria akivunjika, aone ule uso wenye kucheka umeanguka mbele ya watu.

Auleria alikuwa analia kweli. Lakini alikuwa anatembea huku analia, akapita mbele ya wazee bila kuomba radhi, akapiga magoti mbele ya Placidius na kumshika mikono yote miwili.

“Nina kaka,” alisema. “Baba, mmesikia? Nina kaka.”

Placidius aliitazama mikono ile iliyomshika. Kisha uso wake ukafunguka, na Xaveria, aliyeujua uso ule kuliko kioo chake, aliona kwamba mumewe hakuwa amepoteza kitu. Alikuwa kama mtu aliyetafuta jina la kitu siku nyingi, sasa ameambiwa. Wakacheka wote wawili huku wanalia, vichwa vimeinama upande wa kushoto.

“Pombe isimwagwe,” mzee Rwegoshora aliamuru. “Tutakunywa. Mtoto wa Kashaija amerudi.” Na baada ya kunywa alisema yale mengine, taratibu, kama mtu anayetua mzigo aliobeba muda mrefu. “Auleria amekaa kwangu kwa sababu hakuwa na kaka wa kumpokea. Wanangu ni kaka zake pia, lakini wamekuwa wakimtazama vibaya kwa ajili ya vile vigomba nilivyomkatia. Sasa anaye kaka anayemtaka. Mwanamke aliyerudi hukaa kwa kaka yake. Placidius, mwanangu, mchukue. Mpeleke kwako Kanoni, umkatie migomba, umjengee. Ni shangazi wa watoto wako.”

“Ndiyo, baba,” Placidius alisema.

“Kanoni ni mbali, baba,” Xaveria alisema upesi. “Atakuwa mpweke.”

“Kwa kaka yake?” mzee aliuliza, akamtazama kwa upendo mkubwa. “Mwanangu, Mungu akubariki. Umetuletea mtoto wetu, na huyu umempa kwao.”

Wanawake wakampigia vigelegele. Xaveria alikuwa amepiga magoti katikati yao, karatasi mkononi, na hapo, si kabla, akamkumbuka shangazi yake mwenyewe. Dada wa baba yake aliachwa na mume akarudi, akakaa katika kibanja cha baba yake Xaveria mpaka alipokufa. Mama yake Xaveria alimchukia kila siku ya Mungu, na hakuna siku ambayo aliweza kufanya lolote. Mambo hayo Xaveria aliyajua tangu alipokuwa anatambaa. Aliyajua yote mawili, kwamba dada haolewi na kwamba dada hafukuzwi, lakini wivu ulikuwa umemshikisha moja tu.

Auleria alihamia Kanoni kabla ya mvua. Placidius alimjengea nyumba ng'ambo ya ua, mlango ukitazamana na mlango wa Xaveria, maana hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Padri wa parokia alimpa Placidius mkono wa pongezi, akamtaja kanisani kama mfano wa mwanamume anayetunza ndugu zake, akamtaja na mke mwema aliyemtafuta wifi yake kwa gharama ya miguu yake. Watu waligeuka kumtazama Xaveria, wakatabasamu. Baada ya Misa walimpongeza mlangoni. Alijibu asante, asante, mpaka taya zikamwuma.

Malalamiko aliyapeleka kwa Deodatha, lakini alipoyafungua hayakuwa kitu. Mume wangu anakula kwa dada yake kabla hajaja kwangu. Mume wangu anacheka na dada yake. Watoto wangu wanampenda shangazi yao. Deodatha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akashika mbavu.

“Angekuwa mke mwenzio, ningekufundisha la kufanya,” alisema. “Kwa wifi sina dawa.”

Lililomchoma zaidi lilikuwa la binti. Kemirembe alikuwa ameanza kuwa mwari, na mwari wa huko hafundwi na mama yake. Hufundwa na shangazi. Kila alasiri msichana alivuka ua kwenda kukaa na Auleria kwenye majani, wakisuka, wakinong'ona, na Xaveria akiwapitia karibu kwa kisingizio cha kuku, wote wawili walinyamaza kwa adabu mpaka apite. Siku ya harusi, Auleria ndiye atakayemshika mkono bibi harusi. Mama atabaki nyumbani na masufuria.

Alivumilia msimu mmoja. Msimu wa pili, kahawa ikiwa imeanikwa uani, Placidius alitoka dukani mchana akakatiza kwa dada yake, akakaa, akala, akacheka. Alipoingia nyumbani kwake alimkuta mkewe amesimama katikati ya chumba.

“Mwondoe,” Xaveria alisema.

Placidius hakuuliza nani.

“Mwondoe, au niondoke mimi. Chagua.”

Alikaa kwenye kiti polepole. Hakuwa amekasirika, na Xaveria angeshukuru kama angekasirika.

“Mama Kemirembe, angekuwa mke, ungelia mwaka, miaka miwili, na mwishowe pengine ningechoka nikamrudisha kwao. Wanaume hurudisha wake. Huyu nimrudishe wapi? Kwao ni hapa. Wewe ndiye uliyekwenda mpaka misheni kulithibitisha hilo, na sahihi ya padri iko.”

“Nami je?”

“Wewe ukiondoka,” Placidius alisema kwa upole uleule wa mbuzi, “utakwenda kwenu, kwa kaka yako. Sikufukuzi. Nakuambia tu ilivyo.”

Xaveria aligeukia mlangoni. Aliwatazama watoto wake uani. Wale, na baba yao, na yule mwanamke wa nyumba ya pili, wote walikuwa watu wa Kibingo, damu moja, jina moja. Katika kibanja kile, alichokipanda migomba kwa mikono yake, aliyetoka ukoo mwingine alikuwa mmoja.

Ngurumo ilipiga upande wa Ihembe. Upepo ukainua mavumbi, na kutoka uani sauti ya Auleria ikaita, kubwa, changamfu, isiyo na kinyongo hata chembe.

“Mke wetu, njoo. Mvua inakuja, tuianue kahawa yetu.”

Placidius alimtazama mkewe. Xaveria alijifunga kanga kiunoni, akatoka, akashika upande wa pili wa mkeka.